Mapazia Yenye Pindo la Njano

9 Januari

Mdogo wangu Kijiko,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo, ukiacha goti langu la kulia ambalo limekanyaga cherehani tangu Desemba bila kupumzika na sasa linalalamika kila nikisimama. Mwenye duka la pembeni amenirudishia suruali mara ya pili, anasema inambana. Nimempima upya. Suruali haina kosa.

Baba yupo, anakula na anabishana kama kawaida. Bado hataki kusikia habari za simu. Nikimwambia umepiga, ananiuliza, "Ameandika nini?" Mtu aliyefanya kazi posta miaka thelathini na moja humwambii kitu. Barua yako ya Novemba nimemsomea mara nne, hasa pale ulipoeleza ile injini ya boti iliyowashindeni karakana nzima.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Baba anataka kuliona ziwa. Anasema amefunga magunia ya barua za mji huo maisha yake yote na hajui zilikuwa zinafikia wapi. Nimemwahidi Juni, kazi ya sare za shule ikipungua. Tutafutie nyumba ya kukodi ya siku kumi, zile wanazokodi watu wa likizo. Sitaki kumsumbua wifi yangu, na watoto wana masomo.

Baba anasema atalala kwa mwanawe, mambo ya kukodi hayajui. Wewe tafuta tu.

Dada yako wa cherehani

Ukurasa wa pili, huu Baba sijamsomea.

Usiniulize kwa nini si kwako. Nyumba iwe ya chini, isiwe na ngazi. Iwe na bomba uani, na kamba ndefu ya kuanikia mahali penye jua. Kama kuna godoro la ziada, vizuri zaidi. Nakuomba kama dada yako, usichimbe.


4 Februari

Dada mpendwa, shikamoo. Mfikishie Baba shikamoo yangu pia.

Nimechelewa kujibu, kazi zimetubana. Mke wangu, ambaye Baba kwa utani hupenda kumwita mkewe mdogo, hajambo. Mtoto wa kwanza ameota meno mawili ya mbele kwa pamoja na sasa hataki kufunga mdomo. Binti mdogo ameanza shule. Karakana iko palepale. Juzi tumeshusha boti ya abiria majini, nahodha akasahau kamba imefungwa, boti ikaenda hatua tano na kurudi yenyewe. Tulicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini.

Baba, mji huu utaupenda. Mtaa wetu pekee una lugha saba na nusu, hiyo nusu ni ya kinyozi wa kona ambaye anazichanganya zote na kila mteja anadhani amesemeshwa lugha yake. Barabara ya chini ni ya wauza vitambaa na vipuri, ya juu ni ya wenye maduka ya dawa. Ukitoka nyumba yoyote ukafuata mteremko, utafika majini, huhitaji kuuliza.

Dada, nyumbani kwangu ni kweli pangekuwa na usumbufu. Tunapaka rangi, na nikikadiria hatutamaliza kabla ya Agosti. Kwa hiyo nimetafuta kama ulivyosema. Kuna ghorofa karibu na soko la samaki, ina upepo mzuri ila ngazi zake ni ishirini na mbili. Kuna vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, pazuri, kimya, bomba liko ndani. Kuna na nyumba ya mwalimu mstaafu kilimani, ziwa lote unaliona ukiwa kitini. Picha zake ziko kwenye ule mtandao wa nyumba za wageni, fundi simu wa hapo kwenu anaweza kukufungulia.

Mdogo wako

Ukurasa wa pili.

Sichimbi. Ila niambie kitu kimoja tu. Kuna mtu amekuja huko akakueleza habari zangu? Kama kuna uliyoyasikia, ningependa kuyasikia na mimi.


27 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Baba alipata kikohozi, kimekwisha. Mwenye suruali amekubali kwamba ni yeye aliyenenepa, na amenunua kitambaa kingine.

Rangi gani hiyo ya miezi saba, unapaka nyumba au bandari? Haya, yako hayo.

Nimekwenda kwa fundi simu na miwani yangu. Ghorofa ya soko la samaki hapana, Baba hawezi ngazi ishirini na mbili, hata mbili anazihesabu. Nyuma ya duka la dawa, mashuka yamepigwa pasi juu juu, pembeni yana mikunjo, mtu wa hivyo hata vyombo haoshi vizuri. Kwa mwalimu hakuna kamba, kuna waya mfupi wa kuanikia soksi.

Lakini fundi simu aliendelea kusukuma picha kwa kidole, ikatokea moja ambayo wewe hukuitaja. Nyumba ya chini, ina ua, bomba liko nje, na kamba imetoka ukuta hadi ukuta. Sebuleni kuna mapazia ya buluu yenye pindo la njano kwa chini. Wageni wengi wameisifu kwa usafi. Mapazia yale nimeyatazama sana. Aliyeyashona ana mkono mzuri.

Hiyo ndiyo ninayoitaka. Ipitie, utuambie.

Dada yako

Ukurasa wa pili.

Sijasikia habari yoyote yako kwa mtu yeyote. Kwa nini unauliza?


13 Machi

Dada, shikamoo, na kwa Baba vilevile.

Safari hii nimejibu haraka ili usije ukafanya makosa. Nyumba hiyo nimeipitia. Haifai. Picha zimepigwa kwa ujanja, sebule ni ndogo kuliko inavyoonekana. Mbu ni wengi. Jirani anafuga bata na bata wenyewe hawana adabu. Lakini kubwa zaidi ni mwenye nyumba. Huyo mtu namfahamu. Si wa kuaminika, anasema hili leo na kesho lile, na sipendi Baba yangu alale chini ya paa lake.

Chukueni ya mwalimu. Kamba nitawafungia mwenyewe.

Wote hawajambo.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu Kijiko,

Baba anakusalimu na anauliza ile injini hatimaye iliwaka au la. Hukutuambia mwisho wake. Mimi goti limepoa kidogo baada ya kulibadilishia kiti.

Kuhusu nyumba, nimesikia uliyosema kuhusu bata. Hata hivyo fundi simu ameshatuma ombi kwa niaba yangu, siku kumi kuanzia tarehe sita Juni. Wiki mbili zimepita, mwenye nyumba hajajibu neno. Ukikutana naye, mwambie ajibu.

Dada yako

Ukurasa wa pili.

Sasa tuache mchezo, nimechoka nao na wewe pia umechoka.

Ulipohamia nyumba yako uliniandikia nikushonee mapazia. Badala ya kutafuta futi ya kupimia, ukapima dirisha kwa shubiri zako, ukaniandikia "shubiri kumi na moja". Na mimi, fundi mzima mwenye futi shingoni, nikapima kitambaa kwa shubiri zangu. Wewe mkono wako ni mrefu, ndiyo maana ya Kijiko, mkono wa kufika chini ya sufuria. Mapazia yakafika yakiwa mafupi, yakaning'inia kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Ukayarudisha, nikaunganisha pindo la njano, kipande kilichobaki cha magauni ya wasimamizi wa harusi ya jirani. Nilipitisha mshono mara mbili kwa aibu, maana fundi halisi hafanyi kosa kama lile. Mapazia kama hayo duniani yako pea moja tu.

Niliyajua siku ileile kwenye picha. Nikakuandikia makusudi, nikitegemea utaniambia. Wewe ukanitukania mwenye nyumba.

Wageni wanalala kwako. Wewe, mkeo na watoto mnalala wapi?


25 Mei

Dada, shikamoo.

Karibu miezi miwili, najua. Nimeandika barua hii mara tano. Leo sina ukurasa wa kumsomea Baba, mwambie chochote, mwambie injini iliwaka.

Injini ile ni ya mwaka juzi. Boti iliyorudi na kamba, ya mwaka juzi vilevile. Karakana ilifungwa Agosti ile, tukaambiwa tuchukue vifaa vyetu tuondoke. Tangu hapo kila habari ya kazi niliyowaandikia niliitoa kwenye kumbukumbu, nikaisugua kidogo ionekane mpya. Nikifikiria kwamba Baba anasomewa mara nne, uso unaniwaka hapa nilipo, na hakuna anayeniona.

Tulianza kupangisha vyumba viwili, baadaye nyumba nzima. Wageni wakija sisi tunahamia chumba cha uani, ile stoo ya zamani. Tunaenea. Mke wangu anafua mashuka na kupiga pasi, na hajawahi kunilaumu, jambo ambalo ni gumu kulibeba kuliko lawama. Mimi napokea wageni. Wa kwanza kabisa aliniuliza kama nyumba ni yangu. Nilikuwa nimetoka kubeba vitanda, shati limelowa jasho, watoto wamesimama na mito mlangoni mwa stoo. Nikasema mwenye nyumba yuko ng'ambo, mimi ni mtunzaji. Limetoka tu. Kisha likabaki hivyo, kwa kila mgeni.

Kuna baya zaidi ya hilo, nalo nalisema ili nimalize. Watoto nimewafundisha wasiniite baba mbele ya wageni. Mkubwa aliuliza sababu, nikamkaripia. Mdogo hakuuliza, alizoea tu.

Uliponiambia hutaki kulala kwangu, nilijua umeshasikia. Nikadhani unaona haya kuja. Sikukulaumu.

Ombi lako limekaa kwenye simu yangu tangu Machi. Nilikuwa nalifungua na kulifunga. Siku moja niliwaza nikubali, halafu niwapokee mlangoni na funguo, nimwambie Baba mwenye nyumba yuko ng'ambo. Niliwaza hivyo, dada. Mtu wa kumfanyia hivyo baba yake.

Kijiko


30 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imekuja na dereva wa basi, na hii inarudi naye, ndiyo maana imefika upesi. Baba ameipima kwenye kiganja kabla sijaifungua, kama alivyokuwa akifanya kaunta. Nikamwambia umeandika kwamba injini imewaka. Akasema, "Sentensi hiyo haina uzito huu." Kisha akaniacha. Sasa najua kwamba kurasa zetu za pili zote alizipima.

Sikuwa nimesikia chochote. Sikuona haya kwa ajili yako. Haya ilikuwa yangu.

Baba anakojoa kitandani. Ilianza mwaka jana. Hajui mpaka asubuhi, na akijua anakunja shuka mwenyewe na kukaa juu yake ili nisilione. Ndiyo maana ya bomba, kamba na godoro la ziada. Nilitaka nyumba ya mtu nisiyemjua, nifue, nianike, niondoke, nisikutane tena na macho yake. Sikutaka wifi yangu auone huo uchafu, wala watoto wako wamwite babu yao kikojozi.

Na mimi nina baya zaidi. Desemba nilianika godoro uani, mbele ya dirisha la karakana yangu ya kushonea. Mke wa mwenye duka alikuwa anapimwa gauni. Akaliona, akauliza kwa utani, "Umepata mtoto uzeeni?" Nikajibu ni la mtoto wa jirani, mama yake hana kamba. Tukacheka wote wawili. Baba alikuwa upande wa pili wa pazia la kubadilishia nguo, anasubiri nimletee chai. Nilipompelekea alisema hataki. Tangu siku hiyo, adhuhuri ikipita hanywi kitu, hata maji. Midomo inamkauka mpaka inapasuka. Nimemsihi, ananiambia hana kiu.

Sijamwomba radhi. Kila nikitaka kuanza naona ni lazima kwanza nilitaje lile neno, na siwezi.

Sijui kama tuje. Niambie wewe.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Nimemsomea mke wangu barua yako yote. Kabla sijamaliza alikuwa amevaa viatu. Amerudi na mpira mpana wa kutandika chini ya shuka, na ametoa godoro la pili juani. Anasema mashuka ya watu asiowajua anayafua kila wiki, ya mkwewe ndiyo yatamshinda?

Nyumba nimeitoa kwenye mtandao siku zote kumi. Mwenye nyumba amejibu ombi. Njooni.

Hapohapo mlipo, msomee Baba hivi: atalala kwa mwanawe, kama alivyosema tangu mwanzo.

Kijiko


19 Juni

Dada, shikamoo.

Natumai mlifika salama na goti halikusumbua garini. Huku nyumba imekuwa tupu. Binti mdogo bado anakwenda kumtafuta babu yake kwenye kile kiti cha karibu na bomba. Mke wangu anakusalimu na anasema umesahau mkasi wako wa kukatia nyuzi, nitautuma.

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo hukuliona. Kwenye meza ya sebuleni kuna kitabu cha wageni. Kwa haraka ya kuwapokea tulisahau kukiondoa. Wageni waliotangulia wameandika humo mambo ya kawaida, kitanda kizuri, ziwa liko karibu. Wengine wameandika, "Mtunzaji ni mtu mwema. Msalimieni mwenye nyumba huko ng'ambo." Baba ameyasoma yote, unajua hawezi kuacha mwandiko wa mtu bila kuusoma. Hakuniuliza kitu. Siku zote kumi, hakuniuliza.

Kumbuka siku ya tatu, pale mke wangu alipoanika godoro uani na yule jirani wa bata akapita langoni, mimi nikainamisha uso. Baba alivuta kiti chake akakaa kando ya godoro. Nilidhani anaota jua. Na kumbuka jioni ile alipoomba chai, ukageuka jikoni, ukasema ni moshi.

Jana nilikifungua kitabu ili nikiandae kwa wageni wapya. Ukurasa wa mwisho umejaa mwandiko wa posta, herufi kubwa zimesimama wima kama za bahasha. Nakunakilia kama ulivyo.

Jina: Baba wa mwenye nyumba.

Umetoka wapi: Kwa binti yangu.

Maoni: Ziwa nimeliona. Ni kubwa kuliko nilivyodhani, sasa najua magunia yalikuwa yanafikia wapi. Godoro nimelilowesha mara nne. Limefuliwa na kuanikwa mchana mbele ya wapita njia, na hakuna aliyesema ni la mtoto wa jirani. Chai nimekunywa mpaka jioni. Mapazia yanatosha dirisha.

Nilichukua wembe. Niliwaza kuukata ule ukurasa, taratibu, mtu asijue uliwahi kuwapo. Wageni walikuwa njiani. Mke wangu aliuona wembe mkononi, akaniangalia tu, akaendelea kukunja foronya. Nikaurudisha wembe.

Wageni ni mume na mke, watu wa makamo, wote wawili wanapima ardhi. Yule mama aliketi, akafungua kitabu mwishoni, kama watu wanavyofanya. Akasoma. Akampa mumewe naye akasoma. Mimi nimesimama mlangoni na begi lao. Yule mama akaniuliza, bila ubaya wowote, "Huyu mzee, mwanawe ndiye mwenye nyumba?"

Nikasema ndiyo.

"Yuko hapa mjini?"

Nikamwambia ni mimi.

Sikuzimia, dada. Aliitikia kwa kichwa, akauliza maji ya kunywa yako wapi. Nikamwita binti mdogo alete funguo za jikoni. Akazileta, akasimama karibu nami, akawatazama wageni, akanivuta shati na kuninong'oneza, "Nikuite nani?"

Nikamwambia, niite Baba.

Akaniita mara tatu, na funguo alikuwa ameshanipa.

Mdogo wako
Kijiko